Sura Moja kila Jumapili

Siku ya kufunga shule Mwalimu Pinnock aliwagawia wanafunzi wake riwaya nene, kila mmoja nakala yake, akawaambia waisome likizo yote ya Julai na Agosti. Wakirudi Septemba wangeikuta kwenye mtihani wa kwanza.

"Na msinidanganye kwa kusoma jalada la nyuma," akasema. "Hilo jalada nimeshalisoma, najua lina nini."

Darasa zima liliguna. Kerisha alikipima kitabu mkononi, akaona uzito wake kama tofali, akakifunua katikati. Herufi zilikuwa ndogo kama ufuta. Alikuwa na miaka kumi na mitano, na likizo yake alikuwa ameshaipangia mambo mengine kabisa, mto ukiwa wa kwanza.

Nyumbani kwao kulikuwa Berridale, kwenye vilima vya Portland, mahali ambapo mvua ya Jamaika huwa haipigi hodi. Aliishi na babu yake mzaa mama, Mzee Eustace, nahodha wa chelezo cha mianzi. Kazi yake ilikuwa kuwateremsha watalii kwenye mto Rio Grande, akiwasimulia habari ambazo nusu yake alizitunga palepale majini. Mama yake Kerisha, Novlette, alikuwa Marekani, New Jersey, akimtunza bibi kizee mmoja nyumbani kwake: kumwogesha, kumlisha, kumgeuza kitandani. Alikwenda kwa viza ya matembezi Kerisha akiwa na miaka sita. Viza ikaisha, yeye akabaki. Makaratasi yake yalikuwa kwa wakili, na kila mwaka wakili alisema bado kidogo. Akitoka tu asingeruhusiwa kuingia tena, na ada ya shule, paa jipya na dawa za presha za Mzee Eustace vyote vilitoka kwenye mikono yake miwili.

Kwa hiyo badala ya Novlette lilikuja pipa. Mara mbili kwa mwaka, pipa la plastiki la bluu, limejaa mchele, sabuni, mafuta ya kupikia na nguo. Safari iliyopita lilikuja na viatu vya shule vyeusi, vizuri sana, vya kumtosha mtoto wa miaka kumi na mbili. Kerisha alijaribu kuingiza mguu, ukagoma kisiginoni. Akavigawa kwa jirani, na kwenye simu akasema, "Ndiyo Mama, vimenitosha."

Simu yenyewe ilikuwa kila Jumapili baada ya kanisa. Mtandao ulipatikana vizuri sehemu moja tu, juu ya tangi la maji nyuma ya nyumba, na hata hapo ilipita sauti tu. Picha iliganda mdomo wa mtu ukiwa wazi. Kerisha alipanda, akakaa miguu ikining'inia, akajibu maswali. Umekula? Nimekula. Babu hajambo? Hajambo. Shule? Inaendelea. Mvua? Inanyesha. Kisha kimya, kila mmoja akitafuta neno kama anayetafuta sarafu kwenye mfuko uliotoboka. Alipokuwa mdogo Kerisha alikuwa akiuliza, "Utarudi lini?" Jibu lilikuwa "Karibuni, mpenzi wangu," mpaka siku moja akaacha kuuliza, na mama yake hakumuuliza kwa nini ameacha.

Jumapili ya kwanza ya likizo, kwa kukosa la kusema, Kerisha alilalamika kuhusu kitabu.

"Kurasa mia nne, Mama! Mia nne! Na mtu wa kwanza kufa anakufa ukurasa wa pili, sasa huko mbele watabaki na nani?"

Novlette alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, lakini kilimtoka bila kujiandaa, na Kerisha akajikuta ameibana simu sikioni.

"Kinaitwaje hicho kitabu?"

Akamtajia. Jumapili iliyofuata mama yake alipiga mapema kuliko kawaida.

"Ninacho."

"Una nini?"

"Kitabu chako. Nimekiazima maktaba ya hapa mjini. Sikiliza, tukisome wote. Sura moja kila wiki, Jumapili tunazungumza. Mimi nitasoma wakati Bibi Dombrowski akilala. Au nitamsomea na yeye, maskini, amechoka na televisheni."

"Mama, wewe na kitabu cha shule?"

"Kwani mimi sikwenda shule? Nilikuwa wa pili darasani. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mchungaji, na yule alikuwa anaibia."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kerisha alisoma asubuhi kwenye varanda kabla jua halijawa kali, na kwa kuwa Mzee Eustace alikuwa pale akichonga upondo wake mpya wa kusukumia chelezo, ikabidi asome kwa sauti.

Kilikuwa kisa cha mwanamke aitwaye Adina, aliyewaacha wanawe wawili kwa dada yake, akavuka bahari kwenda kushona nguo kiwandani. Mzee Eustace alitoa maoni kila ukurasa. Alimwita mwenye kiwanda mwizi tangu alipotokea, na alipotokea mwanamume wa kumposa Adina, mzee alitema mate hadi uani.

"Huyo simtaki. Mwanamume anayevaa kofia ndani ya nyumba ana jambo."

"Babu, niache nisome."

"Soma, nani kakuzuia? Nasema tu simtaki."

Jumapili Kerisha alipeleka maoni ya babu yake juu ya tangi, na mama yake akayapokea kwa vicheko na ubishi. Mazungumzo ya dakika kumi yakawa ya saa nzima. Kerisha aligundua kwamba mama yake ana ulimi mkali, kwamba hupenda watu wabaya wa hadithini kuliko wazuri, na kwamba akikasirika husema "ngoja kwanza, ngoja kwanza" hata kama hakuna aliyemkatiza. Miaka yote ile hakuyajua hayo. Alikuwa anamjua mwanamke wa umekula, umelala.

Chini ya tangi Mzee Eustace hakukosa kazi ya kufanya Jumapili hizo. Mara afunge mianzi iliyokwisha fungwa, mara afagie palipofagiwa. Kerisha akishuka alimwuliza bila kumtazama, "Ameniuliza?"

"Amekuuliza. Anasema umeze dawa."

"Huyo naye. Dawa, dawa." Na uso wake ukakunjuka.

Jambo moja tu lilimchoma Kerisha. Novlette alipokuwa akisimulia sura ilivyokwenda, alikuwa akisema, "Bibi Dombrowski alicheka hapo," au "Hapo Bibi alishika mkono wangu nisiendelee." Ilikuwa wazi kwamba anasoma kwa kuigiza, sauti nzito kwa mwenye kiwanda, sauti ya puani kwa dada mtu. Usiku Kerisha alilala akiwaza kile chumba asichokijua, taa ndogo, na bibi wa watu akisinzia kwa sauti ile. Alijitahidi kukumbuka kama naye aliwahi kusomewa. Alikumbuka harufu ya mafuta ya nywele na mkono ukimfunga vifungo vya sare. Sauti haikuja. Alimwonea wivu mgonjwa wa miaka tisini, akaona haya, akaendelea kumwonea.

Ndipo wakafika sura ya tatu. Mtoto mkubwa wa Adina anaugua homa, telegramu inatumwa, na Adina harudi. Anatuma fedha za daktari na blanketi.

"Mimi simpendi tena huyu mama," Kerisha alisema Jumapili hiyo, kabla hata ya salamu.

"Kwa nini? Ametuma fedha, mtoto amepona."

"Amepona kwa mikono ya mama mdogo. Yeye alikuwa wapi?"

"Alikuwa kazini, Kerisha. Angepanda meli angefukuzwa. Ngoja kwanza, ngoja kwanza. Angefukuzwa, wote wangekula nini?"

"Wangekula walichokula majirani. Kwani majirani walikufa? Angekuwa anawapenda asingeondoka. Hata mara moja hajajiuliza kama wanamtaka yeye au wanataka blanketi lake."

Kerisha alisikia kengele ndogo ya Bibi Dombrowski ikilia kule upande wa pili na mama yake hakuifuata.

"Tunazungumzia kitabu, sivyo?" Novlette aliuliza taratibu.

"Ndiyo. Kitabu."

"Haya."

"Haya."

Kerisha akakata simu. Aliposhuka Mzee Eustace alimtazama usoni, akarudi kufagia palipofagiwa.

Jumapili iliyofuata Kerisha hakupanda. Alikwenda mtoni na wenzake, wakatafuta kamba wadogo chini ya mawe, wakawachemsha kwa pilipili kwenye kopo, akacheka kwa nguvu kuliko wote. Simu aliiacha nyumbani chini ya mto wa kulalia. Aliporudi jioni alikuta mama yake amepiga mara nyingi, na babu yake amekaa varandani na dawa zake mkononi hajazimeza.

"Kama hutaki kuzungumza naye, mimi nilikuwa nataka," alisema Mzee Eustace. "Lakini ngazi ile ya tangi siiwezi na goti hili." Ilimuuma Kerisha kuliko angegombezwa.

Siku zile mbili tatu alisoma kwa hasira, peke yake, bila sauti, sura juu ya sura. Alitaka kuona Adina anavyoadhibiwa. Jumatano asubuhi alifika mwisho.

Adina anarudi. Ana mvi na sanduku zuri. Wanawe ni wanaume, mmoja ameoa. Wanampokea kwa heshima zote, wanampa kiti cha mbele. Kisha yule mdogo anafungua kabati la vioo, anashusha kikombe cha maua ambacho hakiguswi ila akija mchungaji au daktari, anamwekea mama yake chai. Wengine wote wanakunywa kwenye vikombe vyao vya bati. Adina anakitazama kile kikombe, anasema asante. Kitabu kinaishia hapo.

Kerisha alikaa kitako sakafuni. Alikuwa ameisubiri adhabu, na sasa imekuja akaona ni kubwa mno. Kisha akang'amua: mama yake atafika hapa. Bado sura tatu, atafika, tena ataisoma kwa sauti, akiwa ameshika kitabu mwenyewe katika nyumba ya watu. Aliichukua simu, akapanda ngazi mbio, akapiga katikati ya wiki, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Sauti iliyopokea haikuwa ya mama yake. Ilikuwa ya kizee, kavu, yenye mikwaruzo.

"Nani?"

"Samahani, Bibi. Mimi ni Kerisha. Naomba kuzungumza na Mama."

"Ah! Wewe ndiye Kerisha! Mama yako amekwenda duka la dawa, ameniachia hii simu kama mimi najua kuitumia. Nimebonyeza kila mahali. Kuna nini, kuna aliyekufa?"

"Hapana, Bibi. Nataka tu umwambie asiendelee na kitabu. Asisome mwisho. Tafadhali."

"Mwisho?" Bibi Dombrowski alikohoa, au alicheka. "Mtoto wangu, mwisho alishausoma! Alikimaliza wiki ileile alipokileta. Nilimkuta asubuhi macho yamevimba, nikamwambia, tukimwita daktari aanze na wewe. Halafu jioni ananianzishia tena ukurasa wa kwanza. Nikamwuliza, mbona unarudi nyuma? Akasema tunakwenda sura moja moja, wewe na yeye. Nikasema si umwambie tu umemaliza? Akasema, kikiisha nitazungumza naye nini?"

Kerisha aliishusha simu kidogo kutoka sikioni.

"Upo?"

"Nipo, Bibi."

"Juzi Jumapili alikaa na hii simu mapajani mchana kutwa. Supu yangu iliungua. Mimi silalamiki, naeleza tu."

"Pole, Bibi."

"Nimwambie umepiga?"

Kerisha alitazama chini. Babu yake alikuwa amerudi mapema kwa sababu mto ulikuwa umejaa, na sasa alikuwa akigeuza shelisheli juu ya mkaa.

"Hapana," akasema. "Usimwambie. Nitapiga Jumapili."

Alishuka, akakaa karibu na moto. Mzee Eustace alimkatia kipande cha shelisheli, akakipaka siagi. "Amesemaje?"

"Hakuwepo."

"Na macho hayo?"

"Moshi."

"Moshi unakwenda kule," alisema Mzee Eustace, akamwongezea kipande kingine.

Jumapili hiyo alimshika babu yake mkono, wakapanda ngazi pole pole, goti likilalamika kila kidato. Walipofika juu alimpa simu yeye kwanza. Novlette na baba yake walizungumza habari za mto, za paa, za nani amezaa na nani kazikwa, na Mzee Eustace akapiga kelele muda wote kana kwamba sauti itafika New Jersey kwa nguvu ya mapafu yake. Kisha Kerisha akachukua.

"Wiki ile sikuja," alisema. "Nilikwenda mtoni."

"Ulikwenda mtoni, sawa. Maji yalikuwaje?"

"Baridi. Nimesoma sura ya nne."

"Mimi pia," Novlette alisema. "Unaonaje, yule mwanamume wa kofia atamrudia?"

"Sijui. Wewe unaonaje?"

"Nani ajuaye? Tusome tuone."

Wakaendelea hivyo hadi mwisho wa Agosti, kila mmoja anajua, kila mmoja anamwongoza mwenzake taratibu kama anayemvusha mtoni. Walibishana habari za wifi mtu na za nyumba iliyouzwa. Sura ya mwisho ilipofika, Novlette hakuigiza sauti wala kutania.

"Yule mdogo," alisema. "Alifanya vibaya, unafikiri?"

Kerisha alikuwa ameliwazia jambo hilo wiki zote zile, na bado jibu lilimtoka kabla halijawa tayari. "Hapana. Hakujua afanye nini. Alitaka kumpa kilicho bora, na hicho ndicho kilikuwa bora. Hakuna aliyemfundisha kingine."

"Hapana," Novlette alikubali. "Hakuna aliyemfundisha."

Septemba shule ilifunguliwa. Kerisha aliingia darasani na kitabu kimechakaa pembe, kichwa kimejaa majina ya watu, amejiandaa kujibu swali lolote la Mwalimu Pinnock. Lakini mbele ya ubao alisimama kijana mgeni mwenye tai. Mwalimu Pinnock, alisema, amepata kazi ya kufundisha Marekani, ameondoka mwezi wa nane. Kuhusu kile kitabu, muhula huu wangesoma kingine. Mtihani haupo. Wakirudishe maktaba.

Darasa lilishangilia na kugonga madawati. Kerisha alipoinuka kukipeleka alikuwa wa mwisho kwenye mstari, na mkutubi ikabidi akivute kidogo mkononi mwake.

Jumapili alimsimulia mama yake. Novlette alianza kucheka. Alicheka hadi akakosa pumzi, na Kerisha akaambukizwa, akalalia ubavu juu ya tangi.

"Kwa hiyo tumesoma bure?"

"Bure kabisa!"

"Na Pinnock naye kaja huku?"

"Huko huko. Ukimwona mwambie anatudai mtihani."

Vicheko vikaisha kidogo kidogo. Ikawa ile hali waliyoiogopa wote wawili, simu iko wazi, hakuna sura ya kuzungumzia. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye migomba. Kerisha alifuta uso kwa kiganja.

"Mama. Utarudi lini?"

Alitegemea neno lile la zamani. Alilisubiri, akajua likija atashuka ngazi.

"Sijui," Novlette alisema. "Sijui, mwanangu. Wakili mwenyewe hajui. Nilikuwa nasema karibuni kwa sababu sikuwa na neno jingine. Inaweza kuwa mwaka ujao, inaweza kuwa umeshaolewa. Ndiyo hivyo."

Liliumiza, lakini lilikuwa neno la kweli, na Kerisha alibaki amekaa. Mama yake aliendelea, sauti iko chini. "Asubuhi ile nilipoondoka ulikuwa umelala. Nilisimama mlangoni nataka kukuamsha. Babu yako akasema nikikuamsha sitaondoka. Nikakutazama tu. Mpaka leo najiuliza kama ningekuamsha."

"Sikuwa nimelala."

"Nini?"

"Nilikuwa macho. Nilifumba. Niliona nisipofungua macho hutaweza kuondoka, kwa sababu hutaondoka bila kuniaga. Nikasubiri uniite. Halafu nikasikia gari."

Novlette hakulia kwa sauti, ila alivuta pumzi ndefu iliyokatika katikati, na Kerisha aliisikia yote.

"Uliniona?" aliuliza mwishowe.

"Nilichungulia kidogo. Ulivaa ile blauzi ya njano. Kisha dirishani nikaona gari jeupe likikataa kuwaka, Babu akalisukuma."

"Halikuwa jeupe. Lilikuwa la kijivu."

"Jeupe, Mama."

"Ngoja kwanza, ngoja kwanza. Mimi ndiye niliyelipanda!"

"Mimi ndiye niliyeachwa nalitazama!"

Mvua ikaanza, matone makubwa yakipiga bati la tangi. Kerisha aliinama akaikinga simu kwa mwili wake, na walibishana juu ya gari lile, na nani aliyebeba begi, na jogoo aliyekatiza njia, mpaka chaji ikaisha.

Makaratasi ya Novlette hayakutoka mwaka ule, wala uliofuata. Desemba lilikuja pipa, na ndani yake hamkuwa na viatu. Kerisha alikuwa amekwisha mwambia namba yake hasa, na kwamba kwa jinsi miguu inavyokua, bora angoje kidogo.